Kazi ya Mshahara Mdogo kwa Mwenye Usonji: Piga Hesabu Kabla ya Kuvaa Sare

Umeitwa kazini. Mkahawa mmoja katikati ya jiji unataka mhudumu wa kuanza Jumatatu, na meneja anataka jibu kufikia Ijumaa. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe 5. Una usonji, umekaa bila kazi tangu mvua zilizopita, na nyumbani wameshasema ndiyo kwa niaba yako.

Kazi ni kazi, watakwambia. Si kweli. Kazi mbili zenye mshahara uleule zinaweza kukuachia pesa tofauti kabisa mwisho wa mwezi. Kwa mwenye usonji pengo hilo hupanuka, kwa sababu kuna gharama ambazo mwajiri hazioni na hati ya mshahara haiziandiki.

Hapa nimetumia bei na sheria za Nairobi. Nimefanya kazi mbili kati ya hizi nitakazozitaja: moja ilinishinda baada ya wiki saba, nyingine niliikalia miaka minne. Iliyonishinda ndiyo iliyokuwa na mshahara mkubwa.

Mshahara unaotajwa na mshahara unaofika

Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha Sh16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, akiwemo mfagiaji, mtunza bustani na tarishi. Mwajiri asiyekupa nyumba anapaswa kuongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15. Jumla inakuwa kama Sh18,530. Ukitajiwa chini ya hapo kwa mwezi mzima wa kazi, usibishane mlangoni, lakini ujue unapunjwa.

Makato ya lazima ni matatu: bima ya afya ya jamii asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na akiba ya uzeeni asilimia 6. Jumla ni asilimia 10.25. Kwa Sh18,530 unabaki na takriban Sh16,630. Kodi ya mapato haigusi kiwango hiki.

Makato hayo si hasara yote. Kwa akiba ya uzeeni mwajiri analazimika kuweka kiasi kama chako. Kwa hiyo mwajiri anayekwambia "sisi hatukati chochote" hakufanyii hisani. Mara nyingi maana yake ni kwamba hajakusajili popote.

Makato ambayo hayaandikwi

Nauli ndiyo mwizi wa kwanza. Sema unalipa Sh80 kwenda na Sh80 kurudi, siku 26 kwa mwezi: Sh4,160. Mvua ikinyesha nauli hupanda jioni hiyohiyo. Ukipangiwa zamu ya vipande viwili, yaani asubuhi, mapumziko marefu, kisha jioni, ama unalipa nauli mara mbili ama unaketi mjini saa nne bila malipo.

Chakula ni cha pili. Mikahawa mingi huwapa wafanyakazi chakula, maduka mengi hayawapi. Sahani ya Sh100 kila siku ya kazi ni Sh2,600.

Cha tatu ni karatasi na mavazi. Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi ni Sh1,050. Kazi ya chakula inahitaji cheti cha afya, na hicho hurudiwa kila miezi sita. Viatu vyeusi visivyoteleza mara nyingi ni juu yako. Uliza nani analipia sare, na ikiwa inakatwa, inakatwa kwa miezi mingapi.

Cha nne ni hasara ya dukani: sahani iliyovunjika, mteja aliyetoroka bila kulipa, droo ya pesa iliyopungua. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kukatwa kwa mali iliyoharibika kwa makusudi yako, na kwa kiasi cha haki tu. Sahani iliyokuponyoka haimo. Makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara.

Sasa rudia hesabu. Sh16,630 ukitoa nauli na chakula inabaki Sh9,870. Wiki ya kazi kisheria inaweza kufika saa 52. Ongeza saa mbili za njiani kila siku, na mwezi unafika saa 277 hivi. Hiyo ni Sh36 kwa saa. Ndiyo bei unayouza saa yako, hata kama tangazo lilisema vingine.

Makato ya usonji

Sehemu hii haimo katika hesabu ya jirani yako, kwa hiyo usimruhusu akupigie hesabu.

Kelele inalipiwa. Mashine ya kusaga juisi, muziki wa spika, vijiko vinavyotupwa kwenye sinki, wateja watatu wanaoita kwa pamoja: mwingine huvisahau akitoka, wewe huenda navyo hadi kitandani. Kama matatu ya kurudi nyumbani nayo ni ile ya muziki wa kutikisa viti, zamu yako haijaisha hadi ushuke. Wengine hulipa nauli ya juu kidogo wapande gari tulivu. Iandike kama gharama ya kazi.

Uso wa kazi nao unalipiwa. Kutabasamu kwa saa nane, kumtazama kila mteja machoni na kukisia kama mzaha ni mzaha ni kazi ya pili juu ya ile uliyoajiriwa. Haina malipo, na uchovu wake hauishi kwa usingizi wa usiku mmoja.

Ghali kuliko yote ni ratiba inayobadilika. Ujumbe wa saa nne usiku kwamba kesho unaingia alfajiri badala ya mchana unaweza kumharibia mwenye usonji wiki nzima.

Yote haya huishia kwenye siku unazokosa kazini. Mimi nilipokuwa mhudumu wa meza, ilikuwa ikifika Alhamisi sauti inakataa kutoka. Nilikosa kama siku mbili kwa mwezi. Kwa Sh18,530 siku moja ni Sh712 hivi. Likizo ya ugonjwa yenye malipo huanza baada ya miezi miwili mfululizo kazini: siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, kwa mwaka, ukiwa na barua ya daktari. Kabla ya hapo kila siku unayokosa ni mfukoni mwako. Tena katika kipindi cha majaribio, ambacho kinaweza kufika miezi sita, mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 7 tu.

Kazi moja moja, bei na uimara

*Mhudumu wa meza.* Hupatikana haraka, hasa mjini na Westlands. Mvuto wake ni bahashishi, lakini bahashishi humfuata mwenye maneno matamu, na sehemu nyingine hukusanywa na kugawanywa na msimamizi. Kelele ni nyingi, maagizo ni ya mdomo, meza hubadilishwa katikati ya zamu. Kwa wengi wenye usonji, hii ndiyo kazi inayotangazwa kwa bei nzuri na kukatika mapema. Iache, isipokuwa mkahawa ni mdogo na wateja ni walewale kila siku.

*Keshia wa duka kubwa.* Kazi yenyewe ina utaratibu: bidhaa, bei, risiti, chenji. Wenye usonji wengi huiweza vizuri. Tatizo ni milio ya mashine, taa kali na foleni ya mwisho wa mwezi. Desemba ndipo maduka huajiri wengi wa muda, na Desemba ndiyo kelele yenyewe.

Kuna mtego mmoja hapa. Katika agizo lilelile la mishahara, kima cha chini cha keshia ni zaidi ya mara mbili ya kile cha kibarua wa kawaida. Ndiyo maana mikataba mingine humwita keshia "msaidizi wa duka". Soma cheo chako. Tena sheria inamruhusu mwajiri kukukata upungufu wa droo ikiwa tu mkataba unataja wazi kwamba umekabidhiwa pesa, na upungufu umetokana na uzembe au wizi wako. Hawezi kukuita msaidizi siku ya mshahara, kisha keshia siku ya upungufu.

*Kuosha vyombo na kuandaa mboga jikoni.* Mshahara uko karibu na kima cha chini, bahashishi ni kidogo au hakuna. Lakini kazi ni moja, inaonekana ikiisha, na hakuna mteja. Vyombo hupiga kelele, ila kelele ya aina moja huzoeleka na huzibika. Chakula unapata. Mikono huumia kwa sabuni, kwa hiyo uliza kama glavu zinatolewa.

*Stoo na kupanga rafu.* Hii ndiyo niliyoikalia miaka minne. Kuhesabu, kupanga kwa tarehe ya kuisha, kuandika kilichopungua: jicho linaloona kopo moja lililogeuka ni faida hapa. Zamu za kabla ya duka kufunguliwa ndizo bora. Ubaya ni mgongo, na nafasi zenyewe hazitangazwi sana. Nyingi hujazwa na anayekwenda kuuliza mlangoni au anayejulikana na mtu wa ndani.

*Usafi wa ofisi.* Huajiriwa na kampuni za usafi, si na ofisi yenyewe. Zamu ya alfajiri ni tulivu na njia ni ileile kila siku. Shida yake ni kuhamishwa ghafla kutoka jengo moja hadi jingine, na harufu kali za dawa. Uliza jengo lako limeandikwa wapi kwenye mkataba.

*Ulinzi wa usiku.* Kimya kipo, watu ni wachache. Lakini zamu ya saa kumi na mbili ni ya kawaida, hatari ni ya kweli, na mgeni mkali getini saa nane za usiku hana utaratibu unaotabirika. Mshahara wa mlinzi wa usiku ni mkubwa kidogo kuliko wa kibarua wa kawaida. Kama usingizi wako tayari ni wa tabu, tofauti hiyo haikulipi.

*Kufulia watu nguo nyumbani.* Malipo ni ya siku, unachagua mteja, unafanya peke yako. Hayakatwi chochote, wala hayakuwekei chochote. Bima ya afya kwa asiye na mwajiri ni angalau Sh300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima mara moja: Sh3,600. Iweke kando kwanza kabla ya kulinganisha.

Mfano wa kuamua

Tuseme unaishi Kangemi. Ofa ya kwanza ni mhudumu wa meza mjini kwa Sh20,000. Ya pili ni kuosha vyombo Westlands kwa Sh18,530, na unafika kwa miguu.

Ofa ya kwanza: ukitoa makato unabaki na Sh17,950. Toa nauli Sh4,160: Sh13,790. Toa siku mbili unazokosa kwa uchovu, kama Sh1,400 mkononi: unabaki na Sh12,400.

Ofa ya pili: Sh16,630, nauli hakuna. Ukikosa siku moja bado una Sh15,900 na ushei.

Ili ya mjini iishinde, bahashishi lazima izidi Sh3,500 kila mwezi, hata Januari ambapo mifuko ya wateja imekauka. Tofauti hiyo imeletwa na umbali na uchovu. Kwa hiyo anza kutafuta karibu: wa Kawangware aulize Lavington, wa Mukuru aulize Industrial Area, wa Mathare aulize Ngara na Eastleigh.

Kadi ya ulemavu: ina faida wapi?

Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili pia wenye usonji, baada ya kupimwa katika hospitali iliyoidhinishwa. Watu wazima wengi hawana karatasi yoyote. Huduma zilichelewa: kitengo cha usonji katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, kilianza mwaka 2003. Aliyemaliza shule kabla ya hapo aliitwa mkaidi au mpole kupita kiasi, na basi.

Faida inayotajwa sana ni msamaha wa kodi ya mapato hadi Sh150,000 kwa mwezi. Kwa mshahara wa Sh18,530 msamaha huo hauna thamani, kwa sababu kodi hiyo hulipi tayari. Asije mtu akakudai pesa eti akuharakishie. Ukipata kazi ya keshia kwa kima chake halali, hapo msamaha unaokoa pesa za kuonekana.

Faida ya pili ni nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge angalau asilimia 5 ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Kwa duka kubwa au kampuni ya usafi, kadi yako inaweza kufungua mlango. Kwa kibanda cha watu sita, haibadilishi kitu.

Msomaji wa ng'ambo ya Namanga: Tanzania kiwango cha sheria ya 2010 ni asilimia 3, pia kwa mwajiri wa watu 20 na zaidi. Makato ya kufidia hasara huko hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara, na lazima uandikiwe sababu na hesabu yake kwanza.

Useme au usiseme?

Kusema kuna gharama, na kukaa kimya pia. Ukisema mapema unaweza kukosa kazi kwa sababu ambayo hakuna atakayeikiri, ingawa sheria inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Ukinyamaza, siku utakapoganda katikati ya zamu utaitwa mvivu au mjeuri.

Njia ya kati haina gharama kubwa: taja unachohitaji, uache jina la hali. "Nafanya vizuri nikiandikiwa kazi za siku." "Naomba ratiba ya wiki kufikia Jumapili." Meneja anayecheka maombi hayo amekuonyesha mwezi wako wa pili utakuwaje, na amekuonyesha bure.

Ukiwa na kadi, na mahali pana idara ya wafanyakazi, sema kwa maandishi ukishapewa mkataba. Hapo unaweza kudai marekebisho ya kufaa: kona isiyo na spika, mapumziko mafupi, zamu isiyobadilika. Mengi ya hayo hayamgharimu mwajiri hata shilingi.

Vifaa: nunua nini

Viziba masikio vya sponji ni rahisi, hupatikana kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi, na havionekani sana. Anza navyo. Vile vya kufunika sikio zima, vya mafundi, hudumu zaidi na vinafaa stoo na kwenye sinki, lakini kaunta hutaruhusiwa. Spika za masikio za kuzima kelele ni ghali, hushuka chaji na huibwa. Zisubiri.

Pesa nyingi zaidi ziweke kwenye viatu. Rahisi ghali: viatu vya bei ya chini vikipasuka mwezi wa pili, umevinunua mara mbili, na miguu imeumia bure.

Maswali matano kabla ya Ijumaa

Moja: ratiba inatoka siku gani, na inabadilishwa na nani? Mbili: mkataba uko wapi, na umeandika cheo gani? Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Tatu: nalipia nini, yaani sare, chakula, cheti, hasara? Nne: siku ya kupumzika ni ipi? Sheria inakupa angalau moja katika kila siku saba. Tano: siku za majaribio zinalipwa?

Jibu la tano ndilo la haraka kuliko yote. Wiki mbili za "kujifunza" bila malipo ni kibarua cha bure. Anayekuomba ada ya usajili ili akupe kazi hana kazi ya kukupa.

Kisha nenda mahali hapo ukae kama mteja saa ya msongamano. Kikombe cha chai ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Ikiwa dakika arobaini zimekuchosha ukiwa umeketi, saa nane ukiwa wima hutazimaliza.

Uamuzi

Ikubali kazi ya mshahara mdogo ikiwa unafika kwa miguu au kwa nauli moja, ratiba ni ya kueleweka, humhudumii mteja uso kwa uso siku nzima, na kinachobaki baada ya makato yote kinalipa kodi na unga. Stoo, jikoni nyuma na usafi wa alfajiri ndizo zinazodumu zaidi.

Ikatae ikiwa bei nzuri imeegemea bahashishi, zamu zinabadilika kwa ujumbe wa usiku, na mkataba haupo. Kazi ya Sh20,000 inayokatika wiki ya saba imekulipa chini ya Sh35,000 kabla ya makato. Ya Sh18,530 inayofika mwaka imekulipa zaidi ya Sh222,000, na siku 21 za likizo.

Na kama mfuko umekauka kabisa na iliyopo ni hiyo ya meza peke yake, ichukue ukijua ni daraja la miezi miwili. Lipa kodi ya nyumba, pata cheti cha afya, na kila siku ya mapumziko bisha mlango mmoja wa stoo.